Aliyeteuliwa Tangu Tumboni

Mgeta, 9 Februari 2023

Kwako mpwa wangu Kelvin,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Sisi huku tu wazima. Mama yako Rahel jino la mwisho limeng'oka, sasa anakula viazi vya kuponda na anasema dada na kaka wenye meno wote wanapata shida bure. Njegere zimebeba. Mvua imebomoa njia pale korongoni, wachukuzi wa mboga wanapita uani kwa Salehe, na Salehe anakaa mlangoni kutoa ruhusa kama mkuu wa wilaya. Dada yako Regina amelima kwangu, amelima na kwa mama yenu, anakusalimia.

Mimi afya yangu ni ya kijana. Magoti tu ndiyo yamezeeka, vingine vyote bado vipya. Daktari wa mjini nilipomwambia nina miaka sabini na nane alisema mzee acha utani.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akaona la nne kwangu litakuwa kupoteza muda. Nampa Mwanahawa anayeshusha mboga sokoni, naye ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Turiani pale stendi ya Msamvu. Mama yako anasema nitumie simu yake. Nimekataa. Maneno ya ukoo hayapiti kwenye simu. Mtu akiyakana anasema mtandao ulikata. Karatasi haikatiki mtandao.

Sasa jambo lenyewe, nalo ni mambo mawili.

La kwanza. Huyo Mwanahawa mwezi uliopita alikwenda Turiani kununua mchele, akapumzika kivulini nje ya kanisa lako. Yeye ni Mwislamu, hakuingia, lakini spika zako ziliingia kwake. Anasema ulihubiri kwamba Mungu aliandika majina ya watu wake kabla hajaumba hata mlima mmoja, na ambaye hakuandikwa hata akilia mpaka macho yatoke haongezwi. Nikamwambia Mwanahawa umesikia vibaya. Akasema, "Mzee, spika zilikuwa mbili."

Kelvin, hata mbolea ya ruzuku mtu anakwenda mwenyewe kujiandikisha! Anapanga foleni, anatoa kidole chake. Wewe mbingu yako imefunga daftari kabla watu hawajazaliwa?

La pili, ambalo ndilo. Ukoo utakaa Jumamosi tarehe 26 Agosti. Mimi naondoka kwenye kigoda cha ukoo, nimechoka kuamua mipaka ya watu wanaogombania mgomba mmoja. Wewe ndiye. Nilikufunga shanga nyeupe ya mrithi mkononi hujatimiza siku saba, wazee wakiona. Unajua mila yetu, mpwa akikalia kigoda anakuwa mjomba wa wote, hata mama aliyemzaa anamwita mjomba. Na unajua pia kwamba wa nyumba yetu asipokaa, kigoda kinakwenda kwa nyumba ya Abdulatif. Abdulatif ameshaanza kulipima shamba la chemchemi kwa hatua, akiwa na wageni wawili waliovaa viatu visivyofaa milimani. Akikaa yeye, chemchemi inauzwa, na sisi wote tutaomba maji kwenye geti.

Nijibu neno moja. Unakuja au huji.

Mimi mjomba wako, mwenye kigoda,
Simon Kobelo

*

Turiani, 20 Machi 2023

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Nakushukuru kwa barua, ingawa kondakta aliisahau kwenye droo yake wiki tatu. Mimi na mke wangu Judith hatujambo. Shule yao imefunguliwa, ana wanafunzi tisini darasa moja na sauti imemkauka, kwa hiyo nyumbani nazungumza mimi peke yangu, na anasema hiyo ndiyo adhabu ya pili. Mpunga umesimama vizuri. Kanisa tunalojenga tumefika kwenye kenchi za paa. Pole kwa magoti. Pole kwa jino la mama.

Mjomba, Mwanahawa alisikia sawasawa, ila alisikia nusu. Ninachofundisha sikukitunga mimi. Mtume Paulo alifundisha kwamba tulichaguliwa kabla ya misingi ya ulimwengu kuwekwa. Si kwa sababu tulikuwa wazuri, maana hatukuwapo. Mwanadamu katika dhambi si mgonjwa, ni maiti. Mgonjwa unaweza kumwambia nyoosha mkono upokee dawa. Maiti haiwezi kunyoosha mkono. Lazima kwanza ifufuliwe, ndipo ishukuru. Kwa hiyo wokovu ni wa Mungu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna mtu wa kujisifu.

Nasema haya kwa heshima, kwa kuwa tangu nikiwa mdogo nimekusikia ukisimulia jinsi ulivyomchagua Mungu. Unasimulia kama mtu aliyekwenda mnadani akarudi na mbuzi mzuri. Mjomba wangu, nani alimwokoa nani?

Nakuombea kila siku. Natamani ujue kwa hakika kama wewe ni mmoja wa wateule, maana miaka nayo inakwenda.

Kuhusu Agosti, jambo hilo nimeliweka mbele za Bwana.

Msalimie mama, na Regina.

Mpwa wako,
Mch. Kelvin

*

Mgeta, 11 Aprili 2023

Kwako Kelvin mpwa wangu, mchungaji wa maiti,

Pasaka tumekula vizuri. Mama yako amekula supu peke yake kama mfalme. Nilianguka kidogo kwenye mteremko, si kuanguka kwa uzee, jiwe lilisogea. Regina alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akanipeleka hospitali mjini, akakaa nami siku nne. Alinisumbua sana kwa uji. Sasa natembea kwa fimbo, lakini nakuambia fimbo yenyewe inanifuata mimi, si mimi ninayeifuata.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya nne nimewasomea watu wa jumuiya baada ya rozari. Wamenipa swali nikuulize. Kama hao watu wako wa Turiani ni maiti, unawapigia kengele ya nini? Na spika mbili! Mimi nimezika watu wengi, sijaona anayewekewa spika.

Unauliza nani alimwokoa nani. Nitakuambia kwa mara nyingine, na safari hii usisinzie. Mwaka wa Uhuru nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nikasema siingii dini ya mtu kwa kusukumwa. Nikakaa kwa shehe wiki moja. Tende tamu, lakini nilipiga hesabu ya Ramadhani nikaona ni ndefu. Nikakaa kwa Walutheri wiki moja. Wanaimba vizuri hao, shida yao wanaimba beti zote. Nikakaa kwa padre wiki moja, akaniambia, "Simon, fikiri, usiharakishe." Nikasema, hapa. Mtu anayeniambia nifikiri amejua anazungumza na nani. Nikaenda kwa miguu yangu hii hii, ikiwa bado na magoti.

Sisi watu wa milima hii si wa kuburutwa. Mwaka 1955 Mwingereza alitaka tuchimbe matuta kwa lazima mlima mzima. Mjomba wangu akasema hapana. Watu wakashuka mamia kwa mamia kumwambia hapana usoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nilikuwepo, nikatupa jiwe la tatu. Wapo wanaosema lilikuwa la kumi, hao ni wivu. Leo mtu aliyemkatalia Mwingereza mwenye bunduki, wewe unamwambia hawezi hata kusema ndiyo kwa Mungu wake?

Na usifikiri sikuona ulivyoruka Agosti. Umeliweka mbele za Bwana! Mimi mtu akinidai jembe lake nami sitaki kulirudisha, pia naliweka mbele za Bwana.

Mimi mwenyewe mjomba wangu aliniteua nikiwa bado tumboni. Aliona nyota. Nilipoitwa sikusema ngoja niombe. Nilikaa.

Abdulatif amekuja tena na wale wenye viatu. Nijibu.

Mjomba wako, mwenye kigoda,
Simon Kobelo

*

Turiani, 2 Juni 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Ningeweza kusema mvua ilikata barabara, na kweli ilikata siku mbili, lakini zilizobaki ni zangu. Judith hajambo, sauti imerudi. Kanisa limepata bati upande mmoja, tunaketi karibu wote upande huo. Nashukuru Mungu kwa ajili ya Regina na uji wake.

Nianze na matuta. Mjomba, nilikulia kwenye shamba lako. Lina matuta kumi na manane, niliyapanda na kuyashuka na ndoo kichwani. Nani alikulazimisha? Umemkatalia Mwingereza, kisha ukachimba alichotaka. Na la pili, kwenye barua moja unasema ulimchagua Mungu mwenyewe kwa miguu yako, na ukurasa huo huo unasema uliteuliwa tumboni kwa nyota. Chagua moja. Au tuseme, chagua ikiwa unaweza.

Sasa Agosti. Nilikuwa naogopa kulisema, lakini wewe umetaka neno moja, na neno ni hapana. Siji. Mimi ni mtumishi wa madhabahu, siwezi kukaa kwenye kigoda na kumwaga sijui nini kwa ajili ya wazee waliokufa. Nina kundi hapa. Nina maisha yangu. Hiyo shanga nilifungwa nikiwa mtoto wa siku sita, sijui hata kushika titi. Hakuna aliyeniuliza. Haiwezekani mtu afungwe maisha yake yote na uteuzi ambao hakuukubali, wala hakuuomba, uliofanywa kabla hajajua mkono wa kulia na wa kushoto. Hiyo si haki, mjomba, na mimi nina hiari yangu.

Naomba usikasirike. Mpe mama mkono wangu.

Kelvin

*

Mgeta, 19 Juni 2023

Kwa Mheshimiwa sana Mchungaji Kelvin, mwenye hiari yake,

Sijakasirika! Sijawahi kufurahi hivi tangu jiwe la tatu.

Nimechukua kalamu nyekundu ya mjukuu wa Salehe nikapiga mstari chini ya maneno yako, nikayasoma jumuiya, nikayasoma kwenye kilabu cha pombe, nikamsomea hata Sufiani ambaye hasikii sikio moja, nikasoma upande wa sikio zima. "Haiwezekani mtu afungwe maisha yake yote na uteuzi ambao hakuukubali, wala hakuuomba." Sufiani akauliza, "Huyo ni padre gani? Anasema vizuri." Nikamwambia huyo ndiye mpwa wangu anayefundisha kinyume chake kila Jumapili kwa spika mbili!

Nakuomba jambo moja tu. Jumapili ijayo panda madhabahuni ukaisome barua yako, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha uwatazame.

Kwako wewe, Mungu akiteua mtu kabla ya milima, ni neema, mtu anyamaze ashukuru. Mjomba akiteua mtu wa siku sita, siyo haki, mtu ana hiari. Sasa Mungu wako na mimi tofauti yetu ni nini? Mimi angalau nilingoja uzaliwe nikakuangalia sura.

Matuta niliyachimba mwaka 1974, nilipotaka mimi. Kuchimba kwa kupenda na kuchimba kwa kupigwa si tuta moja, hata kama jembe ni moja. Kama hujui hilo, hicho chuo chako cha Biblia kikurudishie ada.

Na hakuna anayemwaga kitu. Ni unga mweupe, maji, na maneno. Mimi Mkatoliki wa jumuiya, unafikiri ningekaa miaka hamsini na mbili kwenye uchawi?

Kwa hiyo barua yako nimeipokea kama mchezo, na jibu lako sijalipokea. Umeteuliwa. Mimi sifuti. Shanga ikishafungwa haifunguliwi, ndivyo ilivyo, piga kelele unavyotaka.

Habari za hapa ni ndogo. Sufiani na Salehe walishikana mashati juu ya mpaka wa migomba, mimi mguu ulikuwa umevimba, nikamtuma Regina akawaangalie tu mpaka mimi nitakapopona. Akaenda akakaa nao siku nzima akila njugu, hakusema kitu mpaka wakaona aibu, wakagawana. Nilimwambia hiyo siyo njia ya kuamua, mimi hupiga meza. Sasa watu wanakuja wanamuuliza yeye kwanza. Regina tu, anajua nini.

26 Agosti. Uje na suruali ndefu.

Mjomba wako ambaye hafuti,
Simon Kobelo

*

Turiani, 15 Agosti 2023

Mpendwa mjomba,

Shikamoo sana. Tu wazima. Judith aliipata barua yako kabla yangu, akaisoma, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Akasema, "Mzee amekufunga goli kwa mpira wako mwenyewe." Sikuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki.

Nimetafakari miezi hii miwili. Nimeona kwamba nilikuwa nakimbia. Ninalofundisha ni kweli, na kama ni kweli, lazima liwe kweli hata linapoangukia mgongoni kwangu. Sikuchagua kuzaliwa kwa Rahel. Sikuchagua shanga. Lakini imekuwa, na mtu aliyeteuliwa hawezi kuponyoka uteuzi wake. Nimekubali. Nitakaa kwenye kigoda. Kundi la hapa nitalipatia mwangalizi, na chemchemi haitauzwa.

Jambo dogo tu. Kuanzia tarehe 24 hadi 27 kuna semina ya wachungaji, wanakuja walimu kutoka mbali, nami nimepewa somo moja nifundishe, somo lenyewe ni la uteule. Singeweza kukataa. Kwa hiyo nitafika Jumamosi inayofuata, tarehe 2 Septemba. Waambie wazee wasiwe na wasiwasi. Kitu kilichoamuliwa tangu siku yangu ya sita duniani, wiki moja haiwezi kukiondoa.

Mwambie Regina aandae ile pilau yake.

Mpwa wako na mrithi wako,
Kelvin

*

Mgeta, 28 Agosti 2023

Kelvin,

Mwanahawa nimemwambia barua hii ikufikie kabla ya Jumamosi, apande basi yeye mwenyewe ikibidi, usije ukafunga begi bure.

Mama yako hajambo. Mvua hakuna. Hizo ndizo habari.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nikaruka, nilivyo na fimbo, nikawaambia watu mteule anakuja, amechelewa wiki moja tu, tusogeze kikao. Watu wakaniangalia. Wengine walikuwa wameshatoka Mikese na mizigo, ng'ombe ameshachinjwa, nyama haisogezwi. Kikao kikakaa.

Unajua utaratibu. Mwenye kigoda anasimama, anauliza mara tatu, "Yupo wa nyumba ya Rahel?" Nikauliza ya kwanza. Abdulatif akakohoa kikohozi cha mtu mwenye afya.

"Mteule yuko semina," akasema. Watu wakacheka.

"Tungoje wiki moja," nikasema. "Amekubali, barua hii hapa, ameandika kwa mkono wake."

Sufiani akasimama, akasema, "Mzee Simon, mwaka jana kwenye mpaka wangu nilichelewa saa moja ukaamua bila mimi. Ulisema ardhi haingoji mtu."

"Ile ilikuwa ardhi," nikasema.

"Na hii ni nini?"

Nikauliza mara ya pili. Wale wenye viatu walikuwa wamesimama nje ya uzio, nimewaona kwa macho yangu, mmoja anapiga picha chemchemi. Nikavuta pumzi nyingi kuliko mtu wa mapafu mawili, nikauliza mara ya tatu, polepole, ili kama uko njiani ufike.

Sauti ikatoka jikoni. "Nipo."

Regina. Mikono ina unga wa sembe mpaka viwikoni, mwiko ameushika.

Abdulatif akamwambia, "Wewe shanga yako iko wapi?"

"Sina."

"Nani alikuteua?"

"Hakuna. Ameuliza yupo nani. Mimi nipo."

"Mwanamke atakuwaje mjomba?"

"Utazoea," akasema.

Nikamwambia mimi mwenyewe, Kelvin, sikufichi, nikamwambia rudi jikoni ugali utaungua. Niliona hasira. Mtoto anajitokeza mwenyewe, hakuitwa, hakuandaliwa, anachukua! Nilipiga fimbo chini mara tatu. Hapo mama yako akasimama, bila jino hata moja, akanisemesha mbele ya ukoo mzima maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu karatasi ni ndogo.

Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Mimi nikasogea. Regina akafuta mikono kwenye kanga, akapakwa unga mwingine juu ya ule aliokuwa nao, akakaa. Sufiani akawa wa kwanza: "Shikamoo mjomba." Kisha Salehe, kisha wa Mikese mmoja mmoja. Mama yako alimwamkia mwanawe akilia na kucheka. Abdulatif wa mwisho, alikuwa kama anayetoa mwiba. Regina akamwambia, "Marahaba. Wale wageni wako waambie njia ya kushukia ni ile. Na wewe kesho uje na jembe, kuna njia korongoni ya kutengeneza."

Hivyo chemchemi ipo. Kigoda kipo nyumba yetu. Wewe hupo.

Sasa nisikilize vizuri, maana tangu Februari tunabishana na hatujawahi kuzungumza. Wewe ulikuwa umeandikwa. Tangu siku sita. Ulikuwa na uhakika mpaka ukakaa nao kwenye semina, ukawafundisha wenzako uteule huku uteule wako unauliziwa mara tatu. Leo jina lako limeondolewa daftarini. Uko nje, na ndani watu wanakula. Umeonja? Basi nenda kahubiri. Yupo mama mmoja huko kwenye kanisa lako, lazima yupo, anakaa nyuma upande usio na bati, hajui kama ameandikwa au hakuandikwa, na kila Jumapili anarudi nyumbani na swali hilo. Nenda kamweleze sasa inavyokuwa. Unajua.

Jumamosi usije. Kwa mila, aliyepitwa haingii ua wa mwenye kigoda mpaka aitwe.

Simon Kobelo
(mwenye kigoda wa zamani)

*

Turiani, 25 Septemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Judith hajambo, anakusalimia, hacheki.

Mama alinipigia simu. Ameniambia maneno ambayo karatasi yako ilikuwa ndogo kuyabeba. Shanga ile haikuwa yako, ilikuwa ya kaka yenu Petro. Petro alikuwa anakata mkonge Kimamba, mto ukafurika, akashindwa kuvuka. Wewe ulikuwa unachunga mbuzi nyuma ya nyumba, ukasikia wanauliza mara ya tatu, ukaacha mbuzi ukaingia. Hakuna nyota, mjomba. Ulikuwa karibu tu. Na Petro alipofika siku ya tatu, na matope mpaka kifuani, ulimkataza kuingia uani. Mama anasema ulimwambia angoje mwaka mzima, na kabla mwaka haujaisha akafia kule kambini kwa wakata mkonge.

Siandiki ili kukusuta. Naandika kwa sababu sasa mimi ndiye mwenye matope.

Jumapili iliyopita zamu ya mahubiri ilikuwa ya wale mapacha wa kwenye Biblia, mmoja aliyependwa na mmoja aliyeachwa kabla hawajazaliwa, hawajatenda jema wala baya. Miaka sita nimehubiri habari ile, ninaijua bila kufungua kitabu. Miaka yote sita nilikuwa yule aliyependwa, hata sikujua kwamba nimechagua nafasi. Safari hii nilifika kwa yule mwingine nikanyamaza. Judith alidhani spika zimeharibika, akatuma mtu aangalie waya.

Yule mama yupo. Anaitwa Amina, ni mjane, kweli anakaa upande usio na bati. Nilimfuata baada ya ibada. Nilimuuliza tu anaendeleaje, akasema miaka minne anangoja mtu amuulize.

Sijaacha ninachoamini. Nasema hilo usije ukalisoma kilabuni vibaya. Lakini nimepungukiwa na maneno.

Nakuomba umuulize Regina, yaani umuulize mjomba, kama naweza kuja kuwaona. Sina ninachodai.

Kelvin

*

Mgeta, 8 Oktoba 2023

Kwako Kelvin,

Marahaba.

Hayo ya Petro mama yako amezeeka, anachanganya watu na mito. Na mbuzi walikuwa wangu mwenyewe, sikuwa nachunga wa mtu.

Barua yako nimemsomea Regina. Ule ukurasa wa Petro niliuruka, akaniambia umeruka, akauchukua akausoma mwenyewe. Yeye alifika kidato cha nne, hafichiki.

Nikampa ushauri wangu kama mwenye kigoda wa miaka hamsini na mbili. Nikamwambia mwache huko mwaka mzima aive. Ajue maana ya kungoja. Akaendelea kula njugu.

"Petro naye aliiva?" akaniuliza.

Nikatoka nje kuangalia mbuzi. Mbuzi hakuna siku hizi, nikaangalia banda.

Niliporudi alikuwa anapepeta maharage. Akasema, "Mwandikie aje."

"Anakuja kama nani?" nikamwambia. "Mteule si mteule tena. Mrithi si mrithi. Alikataa, akakubali, akachelewa. Amefanya nini cha kumfanya aitwe?"

"Hajafanya kitu," akasema. "Mwandikie."

"Sababu?"

"Mjomba Simon, nimesema aje. Andika."

Nimeandika. Sasa usije ukafikiri hapo umeshinda, kwamba ameitwa mtu asiyestahili, hivyo, bure tu, kwa mapenzi ya mwenye kigoda. Najua ndivyo utakavyolihubiri, nakuona kutoka hapa. Kwanza basi la Turiani halikuteui, lazima upande mwenyewe. Uliza Msamvu.

Uje Jumamosi. Ukifika uani mimi nitakuwa nimekaa karibu na mlango, kwenye gogo. Usinianze mimi. Pita, uingie ndani, shikamoo ya kwanza umpe yeye, na useme mjomba, usijifanye umesahau. Kisha utoke unipe ya kwangu. Sasa hivi watu wote wananipa ya pili. Nimeanza kuzoea, lakini hilo usilisome kanisani.

Mjomba wako,
Simon